Neno "shake" kwa Wachina wanaojifunza Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jioni moja mwanafunzi wangu, fundi umeme kutoka Sichuan anayefanya kazi hapa Dar es Salaam, alikuwa anasimulia siku ya usaili wake wa kazi. Kwenye daftari akaandika: "I was nervous and I was shaking hands." Nikamuuliza, ulikuwa unapeana mikono na nani? Akanitazama kwa mshangao. "Peke yangu, mwalimu. Mikono ilikuwa inatetemeka."

Tangu siku hiyo nimekuwa nakusanya maswali juu ya neno hili moja. Mengine yametoka kwa wanafunzi Wachina, mengine kwa Waswahili wenzangu wanaowafundisha au wanaowatafsiria. Nimeyajibu hapa kwa kadiri ninavyoyafundisha darasani.

Maelezo ya Kiingereza kwa Wachina, mbona yako kwa Kiswahili?

Kwa sababu sisi ndio tunaoulizwa. Mkalimani wa Kariakoo, msimamizi kwenye eneo la ujenzi, mwanafunzi wetu aliyeko Guangzhou anayepata riziki kwa kufundisha Kiingereza jioni: wote wanasimama katikati ya lugha tatu. Na kwa neno hili Kiswahili kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kina viishio vya vitenzi vinavyotenganisha mambo ambayo Kiingereza kimeyachanganya ndani ya neno moja. Mwalimu anayefikiri kwa Kiswahili anaona haraka mwanafunzi amekwama wapi.

"Shake" maana yake nini hasa?

Ni kwenda huku na huku, au juu na chini, kwa haraka na kwa kurudiarudia. Ugumu ni kwamba Kiingereza hakijali nani anafanya. "I shook the bottle" ni nilitikisa chupa. "The bottle shook" ni chupa ilitikisika. "I shook" ni nilitetemeka. Sisi tunabadilisha kiishio, au neno zima, ili msikilizaji ajue kitu kimetikiswa au kimetikisika chenyewe. Mwingereza anategemea mpangilio wa sentensi tu: kama baada ya kitenzi kuna kitu, kitu hicho kimetikiswa; kama hakuna, aliyetajwa mwanzoni ndiye anayetikisika.

Rudi kwa fundi wangu. Alipoweka "hands" baada ya "shaking", mikono ikawa inatikiswa, tena kwa namna ambayo kila Mwingereza huielewa kuwa ni kusalimiana. Alipaswa kuitanguliza: "My hands were shaking."

Je, Kichina hakina neno moja la "shake"?

Hakina, na hapa ndipo penye kazi. Kuna maneno matatu ya kuyajua kwanza.

La kwanza ni yáo, 摇. Ni kutikisa kitu kwa upana, kwa mkono, kwa kawaida upande hadi upande: chupa, mti, kichwa, kengele. Herufi yenyewe ina alama ya mkono upande wa kushoto.

La pili ni dǒu, 抖. Huu ni mtikisiko mdogo na wa haraka. Likiwa fādǒu, 发抖, ni kutetemeka mwili, na haliwezi kubeba kitu baada yake: husemi "nimefādǒu chupa". Lakini dǒu likiwa peke yake laweza kuwa kukung'uta. Mama anayekung'uta blanketi dirishani, kwa Kichina anafanya dǒu, na kwa Kiingereza "she shakes out the blanket". Nimegundua kwamba Mswahili akishakumbuka kukung'uta, dǒu halimsumbui tena.

La tatu ni zhèn, 震, mtikisiko wa nguvu kubwa: ardhi, radi, mlipuko. Alama ya juu ya herufi hii ni mvua, na maana yake ya kale inahusu radi.

Kwa hiyo Mchina akisikia "shake", akilini mwake milango mitatu inafunguka kwa pamoja. Mara nyingi huchagua yáo kwa kuwa ndilo alilofundishwa shuleni kama tafsiri ya kwanza, kisha analitumia kila mahali yáo linapokwenda. Na yáo linakwenda mbali sana kuliko "shake".

Linakwenda mbali kiasi gani?

Kwa Kichina mbwa anafanya yáo mkia wake. Kwa Kiingereza mbwa hafanyi "shake" mkia, anafanya "wag". Mbwa akitoka majini akajikung'uta mwili mzima, hapo sasa ni "shake". Bendera ni yáo. Kwa Kiingereza "wave". Kengele ya mkononi ni yáo, Kiingereza "ring". Kupiga kasia la nyuma ya mtumbwi ni yáo. Kiingereza "row" au "scull". Kujipepea ni yáo upepeo, Kiingereza "fan". Hata kushusha kioo cha gari kwa kuzungusha mkono ni yáo. Kiingereza "roll down" au "wind down".

Mtazame Mswahili hapo. Bendera tunaipeperusha au kuipunga, kengele tunaipiga, upepo tunajipepea, kasia tunalipiga. Sisi nasi tumegawa, ingawa si mahali palepale Mwingereza alipogawa. Ndiyo maana ninawaambia wenzangu wasimpe mwanafunzi orodha ya kukariri. Mwambie aseme kitendo chake kwa kuigiza kwa mkono. Kama mkono unakwenda taratibu na kwa mpangilio, "shake" karibu kila mara si lenyewe.

Naweza kusema "my mother shook me to sleep"?

Usiseme kamwe, na mwalimu asiliache lipite bila kulisahihisha.

Kitanda cha kumbembeza mtoto kwa Kichina ni yáolán, 摇篮, yaani kikapu cha kutikiswa. Mama anayembembeza mtoto mikononi anafanya yáo pia. Mwanafunzi anageuza moja kwa moja, na Mwingereza anasikia jambo la kutisha: mtoto mchanga ameshikwa akatikiswa kwa nguvu. Jambo hilo lipo na lina jina hospitalini, "shaken baby syndrome", madhara ya ubongo yanayompata mtoto aliyetikiswa kwa ukali. Linaweza kuua. Kitenzi cha mama mwenye upendo ni "rock": "she rocked me to sleep".

Niliwahi kumfundisha dada mmoja aliyekuwa anajiandaa kwenda kulea watoto kwa familia inayozungumza Kiingereza. Katika barua yake ya maombi alikuwa ameandika kwamba akimwona mtoto analia, "I shake the baby until he is quiet." Barua ilikuwa tayari kutumwa asubuhi yake. Tukakaa naye, nikachukua mto, nikamwonyesha kubembeza, halafu nikamwonyesha kutikisa. Akashika mdomo.

Kiswahili kinalitenga hili vizuri: kubembeza na kutikisa hayakaribiani. Litumie darasani.

Kwa nini Wachina husema "I with him shake hands"?

Kwa Kichina kusalimiana kwa mikono ni wòshǒu, 握手. Wò ni kushika kwa kukaza, shǒu ni mkono. Hakuna kutikisa ndani yake hata kidogo. Na anayesalimiwa hutajwa kabla ya kitenzi: mimi na yeye kushika-mkono. Hivyo mwanafunzi anavuka vikwazo viwili kwa pamoja, neno jipya na mpangilio mpya.

Mfundishe sura mbili tu. "I shook hands with him", mikono kwa wingi, kwa sababu ipo miwili, wangu na wake. Au "I shook his hand", mkono mmoja, wa kwake. Mswahili analielewa hilo la wingi bila shida: tunapeana mikono, tunashikana mikono, kiishio "-ana" kinasema tuko wawili. Hakuna "I handshake him". "Handshake" ni jina, si kitenzi cha kila siku.

Inafaa pia kujua kwamba desturi ya zamani ya Kichina ni gǒngshǒu: mtu anafumbata ngumi yake mwenyewe kwa kiganja cha mkono wa pili na kuisogeza kifuani. Kama kuna kutikisa hapo, basi mtu anatikisa mikono yake mwenyewe. Siku za Mwaka Mpya wa Kichina utaiona hadi leo.

Kutikisa kichwa ni kukubali au kukataa?

"Shake your head" ni kukataa tu. Kukubali ni "nod". Mchina hapotei hapa, kwa sababu naye anatenganisha: yáotóu ni kukataa, diǎntóu ni kukubali. Anayepotea ni sisi. Kwa Kiswahili mtu anaweza kutikisa kichwa akikubali, na akatikisa kichwa akikataa, msikilizaji anajua kwa kuangalia au kwa maelezo yanayofuata. Nimeona mkalimani wetu akitafsiri "alitikisa kichwa" kuwa "he shook his head", wakati mzee wa upande wa pili alikuwa amekubali bei. Mazungumzo yalirudi mwanzo.

Kosa la Mchina liko kwingine: huandika "he shake head". Kichina hakihitaji kutaja kichwa ni cha nani, na Kiswahili vilevile. Kiingereza kinadai: "his head", "my head". Vijana wanaoandika "smh" mtandaoni, yaani "shaking my head", wamelibana humo humo, "m" ni "my".

"I cold to shake" inasahihishwaje?

Ipende sentensi hiyo kwanza, maana ndani yake kuna Kichina safi. Lěng de fādǒu, 冷得发抖: baridi, kiasi cha kutetemeka. Kichina kinaweka sababu mbele na matokeo nyuma. Kuna na xià de fādǒu, kuogopeshwa hadi kutetemeka, na qì de fādǒu, kukasirika hadi kutetemeka. Mwanafunzi amehamisha mpangilio wake akavalisha maneno ya Kiingereza.

Kiingereza kinaanza na kutetemeka, halafu kinataja sababu kwa "with": "I was shaking with cold", "shaking with fear", "shaking with anger". Ni "kwa" yetu ile ile ya kutetemeka kwa baridi, kwa hofu, kwa hasira. Mswahili naye ajihadhari: "kwa" hiyo inatuvuta kuandika "by cold" au "for cold". Ni "with".

Kuna mahali Kichina na Kiingereza vinakaribiana kuliko Kiswahili, na wanafunzi hufurahi wakiona. Yáoxǐng ni kutikisa-kuamka, yaani kumtikisa mtu hadi aamke. Kiingereza kinasema "shake him awake", vivyo hivyo, kitendo na matokeo bega kwa bega. Tofauti ni kwamba Mwingereza anamweka mtu katikati.

Nijifunze pia "shiver", "tremble", "quiver" na "shudder"?

Ujifunze kuyatambua ukisoma. Kwa kuzungumza, "shake" linatosha karibu kila mahali mwili unapotetemeka. La kuongeza mapema ni "shiver", la baridi na homa. "Tremble" lina uzito wa hofu au udhaifu na husomeka zaidi kwenye hadithi. "Quiver" ni mtetemo mdogo, kama midomo ya mtoto anayekaribia kulia. "Shudder" ni mshtuko wa ghafla, mara moja, kwa kinyaa au kwa kuogopa.

Nikiwa na homa, nimwambie nini daktari?

Swali hili nalithamini kuliko yote, kwa sababu linaulizwa na watu wanaoishi penye malaria. Kichina cha mitaani kina jina la malaria ambalo ni kutetemeka kwenyewe: dǎ bǎizi, 打摆子, ambapo bǎi ni kuyumba huku na huku. Wazee wengi wa kusini mwa China wanalijua neno hilo kwa miili yao. Kutoka China ndiko ilikotoka artemisinini, msingi wa dawa mseto ya malaria tunayopewa hapa. Tu Youyou aliyeongoza ugunduzi wake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Na tarehe 30 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha China kuwa nchi isiyo na malaria. Kijana aliyekulia huko miaka ya karibuni anaweza kufika kwetu bila kuwahi kumwona mtu akitetemeka kwa homa.

Ukisema "I shake" tu, muuguzi anaweza kufikiri una tatizo la neva, la mikono kutotulia. Sema: "I have fever and chills." Au: "I feel cold and I can't stop shivering." Taja ilianza saa ngapi, na kama inaondoka na kurudi. Kama Kiingereza kimekwama, sema "natetemeka kwa baridi". Kila muuguzi wa hapa atakuelewa.

Ni "shaked" au "shook"?

"Shake, shook, shaken." Mchina hana tabia ya kubadilisha kitenzi kwa wakati, anaongeza le baada yake na yameisha. Njia iliyonisaidia ni kumkumbusha "take, took, taken", ambalo ameshalijua tangu darasa la kwanza la Kiingereza. Badilisha herufi za mbele tu. Na "shaking" inaangusha "e".

Mbona nikisema "shake" watu hawanielewi?

Kimandarini, yaani Kichina rasmi, hakina silabi inayoishia kwa "k". Silabi zake hufungwa kwa "n" au "ng", na "r" ya watu wa kaskazini. Mwanafunzi basi anafanya moja ya mawili: anaiangusha "k", ikabaki "shei", au anaongeza irabu, ikawa "sheike". La pili tunalifahamu sana, maana nasi silabi zetu huishia kwa irabu, na Mswahili mwenye haraka husema "sheki".

Dawa yangu ni hii. Neno la Kimandarini la "nani" hutamkwa mara nyingi shéi. Mwambie aseme shéi, kisha afunge koo mwishoni kana kwamba anataka kuanza kusema "ka" lakini pumzi imemkatikia. Mzungumzaji wa Kikantoni, Kichina cha Guangzhou na Hong Kong, ana bahati, "k" ya mwisho anayo tayari. Angalia neno la maziwa ya kuchanganywa na aiskrimu: 奶昔, "nai" ni maziwa, na herufi ya pili imewekwa kuiga mlio wa "shake". Kimandarini huisoma xī, na mtu hujiuliza imefananaje. Kikantoni huisoma sik, na "k" inasikika.

Wengi wa kusini na Taiwan huchanganya "sh" na "s". Kwao fanya mazoezi ya midomo kwanza: inyooshwe mbele kidogo, kama unayemnyamazisha mtoto.

Simu "inashake"? Ardhi je?

Simu kwa Kichina inafanya zhèndòng, na kwa Kiingereza "vibrates". Ukisema "my phone is shaking" mtu ataangalia meza. Kuitikisa simu kwa mkono ni jambo jingine: usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina wa 2015, watu China nzima walikaa mbele ya televisheni wakitikisa simu zao kwenye WeChat, programu ya kutumiana ujumbe, kupata bahasha nyekundu za pesa. Hiyo ni yáo, na hiyo ni "shake" halali.

Ardhi inatumia "shake" bila shida: "the ground shook". Lakini dìzhèn, tetemeko la ardhi, kwa Kichina laweza kuwa kitenzi, na mwanafunzi huandika "it earthquaked". Kiingereza kinasema "there was an earthquake". Fundi wangu aliandika kosa hilo hilo. Alikuwa mtoto wa shule Sichuan tarehe 12 Mei 2008, saa 8 na dakika 28 mchana, tetemeko la Wenchuan lilipoua watu zaidi ya 69,000. Siku hiyo sikusahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilimsikiliza hadi mwisho, ndipo tukaandika pamoja: "The ground shook and we ran outside."

Na moyo ukitikisika?

"I was shaken" ni kushtuka sana, kukosa utulivu baada ya jambo zito. Si kutikiswa na mtu. Kwa imani au nia, Kichina kina dòngyáo, kuyumba, na hapo tafsiri inakwenda moja kwa moja: "It shook my confidence."

"Shake a leg" ni ile tabia ya kutikisa mguu ukiwa umekaa?

Sio. Ni "fanya haraka". Wachina hukosea kwa sababu tabia yenyewe, dǒutuǐ, wamekemewa kwayo tangu utotoni. Kuna msemo wa wazee wao kwamba mti ukitikisika majani huanguka, mtu akitikisika baraka hupungua. Tabia hiyo kwa Kiingereza ni "jiggle" au "bounce your leg".

Somo la kwanza nilianzeje?

Nenda na chupa ya dawa ya kikohozi. Lebo nyingi zina "Shake well before use". Chupa ya Kichina huandikwa 用前摇匀, yaani kabla ya kutumia, tikisa mpaka ichanganyike sawasawa. Hilo yún la mwisho, la kuchanganyika, ndilo "well" ya Mwingereza. Mpe mwanafunzi chupa mkononi. Aitikise, aseme "I shake the bottle". Kisha aiweke mezani, wewe gonga meza kwa ngumi, aseme "the bottle shakes". Halafu mwambie anyooshe mkono wake mbele na aushikilie hivyo mpaka misuli ichoke na vidole vianze kucheza. Ngoja aseme mwenyewe.